Nyimbo Mbili, Mfuko Mmoja



Safu ya leo inahusu kisa kilichotokea Uingereza mwezi wa Disemba mwaka 2009, kisa cha nyimbo mbili zilizoshindanishwa sokoni. Najua wako watakaouliza: sheikh na nyimbo za Wazungu, tena za Krismasi, wapi na wapi? Muziki wenyewe nitaupitia kwa mbali. Ninachokitafuta humo ni fedha, hasira, na mtoto wa watu, na mambo hayo matatu yamo katika kila nyumba yenye simu, zetu za Mombasa, Malindi na Lamu zikiwemo.

Kwanza tufahamu ada ya watu wa huko. Waingereza wana mazoea ya miaka mingi ya kutaka kujua ni wimbo upi ulionunuliwa zaidi katika juma la kuelekea Krismasi. Jina lake hutangazwa redioni, huandikwa magazetini, na hata wacheza kamari huuwekea dau. Mwanamuziki anayeshika nafasi ya kwanza juma hilo hukumbukwa kuliko aliyeishika mwezi wa Machi. Zamani hapakuwa na mtu aliyejua kwa yakini nani atashinda. Mara mwimbaji mkongwe, mara kundi la watoto, mara wimbo wa mzaha mtupu. Kutojua huko ndiko kulikokuwa na ladha.

Mwaka 2004 televisheni ya ITV ilianza kuonyesha The X Factor, shindano la kusaka vipaji vya uimbaji lililoasisiwa na mfanyabiashara wa muziki aitwaye Simon Cowell. Bwana huyu alikaa katika meza ya majaji, shindano lilikuwa lake, na kampuni yake ya Syco ndiyo iliyotoa nyimbo za washindi. Aliyewahi kukaa dukani hata siku moja ataelewa haraka: mtu mmoja ana shamba, ana mizani, na ana duka. Watazamaji walipiga kura kwa simu na kuzilipia. Fainali iliangukia Disemba, siku chache kabla ya juma lile mashuhuri, na wimbo wa mshindi ulikuwa umekwisha kurekodiwa, ukisubiri jina litangazwe tu uingie sokoni. Wale wale waliolipia kura wakaenda kununua wimbo. Shayne Ward mwaka 2005, Leona Lewis mwaka 2006, Leon Jackson mwaka 2007 na Alexandra Burke mwaka 2008, wote wanne walishika nafasi ya kwanza ya Krismasi, mmoja baada ya mwingine, kama tarabu inayopigwa kwa kaseti.

Hapo watu wakaanza kunung'unika, na manung'uniko yao yalikuwa na haki ndani yake. Kilichokuwa mali ya wote kilikuwa kimegeuzwa hitimisho la kipindi kimoja cha televisheni. Mwaka 2008 Alexandra Burke alipewa kuimba "Hallelujah", utungo wa Leonard Cohen wa Kanada. (Neno lenyewe ni la Kiebrania, la kumsifu Mwenyezi Mungu, na nakiri kuwa kuliona likipimwa kwa nakala zilizouzwa kuliniacha na fikra.) Wapenzi wa utungo ule waliona umepakwa sukari. Wakaitana mitandaoni wanunue rekodi ya marehemu Jeff Buckley, aliyefariki mwaka 1997, ili kumzuia mshindi. Hawakuweza. Burke aliuza nakala 576,000 katika juma lake la kwanza. Hata hivyo Buckley alifika nafasi ya pili, na Cohen mwenyewe, mwenye wimbo, akaonekana katika nafasi ya 36. Wimbo mmoja, sauti tatu, orodha moja. Ndipo watu walipotambua kuwa jambo hilo linawezekana.

Liliwezekana kwa sababu ya badiliko dogo la kanuni. Zamani wimbo haukuhesabiwa mpaka uwe umetolewa kwa sahani au kanda na kuuzwa dukani, kwa hiyo wimbo wa zamani hauwezi kurudi ila kampuni ipende. Tangu Januari 2007 kila wimbo unaonunuliwa kwa kupakuliwa kwenye intaneti unahesabiwa, uwe wa jana au wa miaka thelathini iliyopita. Ufunguo wa mlango ukawa mkononi mwa mnunuzi, naye kwa muda hakujua.

Waliojua ni mke na mume wa jimbo la Essex, Tracy na Jon Morter. Disemba 2009 walifungua kundi katika Facebook na kuwaomba watu wanunue wimbo mmoja katika juma lile, ili mshindi wa X Factor asipate nafasi ya kwanza. Waliuchagua "Killing in the Name" wa bendi ya Rage Against the Machine ya Los Angeles, wimbo wa mwaka 1992 unaolaani ubaguzi na ukatili wa polisi, wenye kelele nyingi na tusi moja zito linalorudiwa mara nyingi mwishoni, pale mwimbaji anapokataa kabisa kuamrishwa na mtu. Walitaka wimbo ulio kinyume cha kila kitu kinachopendeza katika televisheni ya jioni, na wakaupata. Mpiga gitaa wa bendi hiyo, Tom Morello, aliyeiunga mkono kampeni kwa sauti kubwa, babake ni Mkenya, mwanadiplomasia Ngethe Njoroge. Dunia ni ndogo kuliko tunavyodhani.

Upande wa pili alisimama Joe McElderry, kijana wa miaka 18 kutoka mji wa South Shields, kaskazini mwa Uingereza. Alikuwa ameshinda shindano kwa kura za watazamaji, akapewa kuimba "The Climb", wimbo ambao Miley Cyrus wa Marekani alikwisha kuutoa mwaka huo huo. Hakuuchagua kwa kuwa ni wake, wala hakuianzisha kampuni iliyomsajili, wala hakuwa na sauti juu ya tarehe ya fainali.

Simon Cowell aliiita kampeni ile ya kijinga, akasema kuwa yeye kupata nafasi ya kwanza hakutambadilishia maisha, na kwamba watakaoharibiwa furaha yao ni vijana waliofika fainali. Maneno hayo yalitoka kwa mwenye faida, nayo tuyapime kwa kujua hivyo. Lakini neno la kweli haliwi uongo kwa kutoka kinywani mwa mfanyabiashara.

Tarehe 20 Disemba matokeo yakatangazwa. "Killing in the Name" ulikuwa umeuza nakala 502,672, zote kwa kupakuliwa, na ukawa wimbo wa kwanza kushika nafasi ya Krismasi bila hata sahani moja kuuzwa dukani. "The Climb", uliouzwa mtandaoni na madukani pia, ulipata 450,838. Tofauti ni kiasi cha elfu hamsini na mbili. Watu walisherehekea, magazeti yakaandika kuwa umma umemshinda tajiri, na tajiri mwenyewe akawapigia simu mke na mume wale kuwapongeza.

Sasa mama zangu, niwieni radhi nichukue kalamu ya hesabu kama mnavyofanya mnaporudi kutoka Kongowea. Jumlisha nakala hizo mbili: ni zaidi ya laki tisa na nusu zilizouzwa kwa siku saba. Kampuni ya Syco, iliyomtoa Joe, ilikuwa katika milki ya Sony. Rage Against the Machine walirekodi chini ya Epic. Na Epic ni ya nani? Ya Sony. Aliyenunua kwa mapenzi alimlipa Sony, na aliyenunua kwa hasira alimlipa Sony vile vile. Waliokuwa wakigombana juu ya meza hawakuangalia droo iliyo chini ya meza. Jambo hili halikuwa siri. Lilisemwa hadharani juma lile lile, na waliokuwa kwenye kampeni wakajibu kuwa lengo lao ni nafasi ile tu, fedha waachiwe wenyewe.

Jibu hilo mimi haliniridhishi. Sisi tumezoea kususia: tukichukizwa na muuzaji tunaacha kununua kwake, mkono unabaki mfukoni, naye anahisi. Kampeni hii iligeuza jambo juu chini. Ilimfundisha mtu aliyechukizwa na biashara kuwa dawa ya chukizo lake ni kununua zaidi. Wafanyabiashara wa dunia hii wasingeomba somo zuri kuliko hilo. Hasira ni kitu cha thamani, ndiyo maana wako wanaoitafuta, na ikishapewa kitufe cha kubonyeza haina tofauti na hamu ya pipi.

Na wimbo wenyewe? Naamini nyumba nyingi katika zile laki tano zisingekubali usikike mezani mbele ya bibi na wajukuu. Siku chache kabla ya matokeo BBC iliwaalika bendi waupige moja kwa moja redioni asubuhi, kwa sharti waliache tusi. Hawakuliacha, na matangazo yakakatwa. Sishangai: ukimwalika mtu kwa sababu ya ukaidi wake, usitaraji awe mtiifu sebuleni mwako. Ninachoshangaa ni watu wazima waliokuwa tayari kuingiza nyumbani kisichofaa kwa sababu tu kinamuudhi wasiyempenda.

Insafu inanilazimisha niseme na upande wa pili. Wale mke na mume waliwaomba wafuasi wao wachangie Shelter, shirika linalowasaidia wasio na makao nchini Uingereza, na kufikia Krismasi zaidi ya pauni 70,000 zilikuwa zimekusanywa. Bendi nayo iliahidi mapato yake kwa hisani, ikaja London tarehe 6 Juni 2010 ikatumbuiza bila kiingilio katika bustani ya Finsbury Park mbele ya maelfu ya watu. Kwa hiyo iko familia iliyolala penye paa kwa sababu ya mzaha ule, na mimi siwezi kulidharau hilo.

Mwaka uliofuata watu walijaribu tena, na hapa nilicheka peke yangu. Walichagua utungo wa John Cage wa mwaka 1952, uitwao "4'33"", ambao ndani yake wanamuziki hukaa dakika nne na sekunde thelathini na tatu bila kupiga chochote. Walikuwa wakiuza ukimya, kitu ambacho nyumbani hupatikana bure watoto wakishalala. Ulifika nafasi ya 21, na mshindi wa shindano, Matt Cardle, akaikalia ya kwanza kwa raha zake. Mzaha ukirudiwa hupoa.

Lililofanikiwa kweli lilikuja mwaka 2011, na lililetwa na wanawake. Katika kambi ya jeshi ya Chivenor, huko Devon, wake wa wanajeshi waliokuwa wamepelekwa Afghanistan walikusanywa na mwalimu wa kwaya, Gareth Malone, wakafundishwa kuimba mbele ya kamera za BBC. Wengi wao hawakuwahi kusimama mbele ya watu. Mtungaji Paul Mealor alichukua maneno kutoka barua walizoandikiana na waume zao, akayatia sauti. Wimbo huo, "Wherever You Are", uliuza zaidi ya nakala 550,000 katika juma la Krismasi, mapato yakaenda kwa mashirika ya hisani ya wanajeshi. Washindi wa X Factor mwaka huo, wasichana wanne waitwao Little Mix, walikuwa wamekwisha kuonja nafasi ya kwanza juma lililotangulia. Wakampisha mwenye haja, na hakuna aliyetukanwa. Nasoma kisa hiki nikijua kuwa Helmand pia kulikuwa na wake waliosubiri waume usiku, na hakuna kwaya iliyowaendea na kamera. Hilo haliwapunguzii wale wa Devon uchungu wao. Mwanamke anayesikiliza mlango kila jioni anajulikana pwani hii tangu enzi za majahazi.

Mwaka 2012 zikaja familia za Liverpool. Tarehe 15 Aprili 1989 mashabiki wao walibanwa hadi kufa katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield. Waliokufa wanahesabiwa 97. Kwa miaka zaidi ya ishirini familia ziliambiwa kuwa marehemu wao ndio wenye makosa, mpaka jopo huru lilipotoa ripoti Septemba 2012 na kuwasafisha. Wanamuziki wengi wakarekodi kwa pamoja "He Ain't Heavy, He's My Brother" kuzichangia familia hizo gharama za mahakama. Ndio uliokuwa wa kwanza Krismasi ile, mbele ya James Arthur, mshindi wa X Factor. Mwaka 2016 baraza la mahakama likaamua kuwa wale mashabiki waliuawa kinyume cha sheria. Mama aliyenunua wimbo ule alinunua siku ya wakili.

Tazameni sasa tofauti. Mwaka 2009 swali lilikuwa: nani tumwangushe? Mwaka 2011 na 2012 lilikuwa: nani tumwinue? Mwenye shindano alishindwa katika hali zote tatu, lakini katika hizi mbili za mwisho hapakuwa na haja ya kijana kubebeshwa ugomvi wa wakubwa. Vivyo hivyo mwaka 2015, kwaya ya wahudumu wa afya wa Lewisham na Greenwich iliposhindania nafasi ile na Justin Bieber, naye Bieber aliwaomba mashabiki wake wainunue ile ya kwaya. Ilishinda kwaya. Uungwana hauna umri.

Huku kwetu mashindano haya tumeyajua tangu Tusker Project Fame ilipoanza mwaka 2006, ambayo hata jina lake lilikuwa la pombe, na nyumba za Waislamu hazikuacha kuipigia kura kwa simu. Mambo yamesogea. Mwezi uliopita mama mmoja wa mtaa wetu alinieleza kuwa bando iliyonunuliwa Jumatatu kwa matumizi ya nyumba nzima ilikuwa imekwisha Jumanne alfajiri. Binti yake wa miaka kumi na tano aliiacha simu usiku kucha ikicheza wimbo mmoja YouTube, sauti imezimwa, kwa kuwa kundi la WhatsApp liliwaagiza vijana wausukume wimbo wa msanii wao uupite wa hasimu wake kwa idadi ya watazamaji. Wimbo hausikilizwi, unahesabiwa. Mama alikuwa ameshika mwiko mkononi.

Nilimwomba auweke mwiko, akae na binti yake, amuulize nani anayelipwa tangazo linapopita kabla ya wimbo wa huyu, na nani anayelipwa linapopita kabla ya wimbo wa yule. Mtoto wa siku hizi atalijua jibu kuliko sisi: nyimbo zote mbili zimo katika YouTube, na YouTube ni ya Google. Kisha amuulize habari za yule hasimu, umri wake, na matusi aliyoandikiwa chini ya wimbo wake na watu wasiomjua. Mama alirudi kunieleza kuwa swali la kwanza lilimfanya binti acheke, na la pili likamnyamazisha, kwa kuwa mmoja wa walioandika alikuwa yeye. Bando amekubali kuilipa kwa kusuka ukili wa mikeka likizo hii.

Watakaotaka kujua yaliyompata Joe McElderry: juma moja baada ya matokeo yale, hasira za watu zilipokuwa zimepoa, wimbo wake ulipanda hadi nafasi ya kwanza. Mwaka 2011 kampuni ya Syco iliachana naye. The X Factor yenyewe ilionyesha msimu wake wa kawaida wa mwisho mwaka 2018. Kijana aliendelea kuimba majukwaani, na mwaka 2016 alizunguka miji ya Uingereza na mchezo maarufu wa kuimbwa uhusuo Nabii Yusuf, yeye akiwa ndiye Yusuf. Sisi Mitume hatuwaigizi, na mchezo huo siwaelekezi muutazame. Lakini nilipojua kuwa ndiye aliyepewa kuwa kijana aliyetumbukizwa kisimani na waliomzidi umri, nilifikiri kuwa huenda mazoezi hayakumchukua siku nyingi.